Gari la Kukalia

Kabla ya kununua gari kuukuu, watu wa mtaa ule walimpitia kwanza Gonga, wasije wakauziwa mbuzi kwenye gunia. Gonga halikuwa jina alilopewa na mama yake. Alibandikwa jina hilo na wateja kwa sababu ya kazi yake. Alikunja kidole cha kati, akalizunguka gari taratibu, akigonga mlango, akigonga madigadi, akigonga ubavu chini ya milango, kichwa amekiinamisha. Bati zima hulia. Bati lililoliwa na kutu, kisha likazibwa kwa puti, ule udongo laini wa mafundi bodi, na kufunikwa rangi, halilii. Hutoa sauti butu, kama umegonga boga. Na puti ikishakauka na kupigwa msasa, jicho haliijui, inang'aa sawasawa na chuma. Gonga akifika mahali pa namna hiyo aliinua kichwa na kumwambia mnunuzi, "Hapa unauziwa udongo," na hapo muuzaji alianza kuapa.

Kazi hiyo alifundishwa na kaka yake, fundi bodi aliyekuwa na gereji kabla yake, na kaka huyo alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyethubutu kuivunja: puti isizidi unene wa ukucha. Zaidi ya hapo kata bati bovu, weka bati jipya, chomelea, nyoosha. "Fundi wa puti ni mpishi wa keki," alikuwa akisema, na alisema kwa dharau kubwa. Gonga aliishika sheria hiyo kuliko alivyoshika vitu vingine vingi maishani, na alimheshimu kaka yake kwa sababu yake.

Sasa tuseme lile ambalo yeye mwenyewe hakulisema. Gonga alikuwa hasikii.

Hakuwa kiziwi wa kutosikia radi. Sauti nene zilimfikia bado, kwa mbali, kama zinapita kwenye blanketi. Lakini miaka ya kupiga nyundo juu ya bati, na ile grenda inayopiga kelele karibu na shavu, ilikuwa imekula sauti nyembamba, moja baada ya nyingine. Kwanza mlio wa simu. Kisha kifuniko cha sufuria kikichezeshwa na mvuke. Mwisho sauti za wanawake, akiwamo mke wake, ambaye alikuwa wa kwanza kujua. "Baba watoto, nimekuita mpaka nimekaukiwa," alimwambia siku moja, amesimama mbele ya uso wake, na Gonga akajibu kwamba alikuwa na mawazo. Baada ya hapo akawa mtu wa mawazo mengi. Alijifunza kutazama midomo. Alijifunza kucheka wenzake wakicheka na kuacha wakiacha. Wasiojua walisema uzee unamtia majivuno, kwamba siku hizi ukimsalimia mpaka akuone ndipo aitikie.

Kwenye magari alijitetea kwa macho na kiganja. Alitazama jinsi mwanga unavyotambaa juu ya rangi, alipapasa kingo, na mara nyingi alipatia. Kidole aliendelea kukigongesha kwa mazoea na kwa sababu watu walikuja kukiona. Pale gereji alikuwepo mchomeleaji, mwanamume mcheshi aliyekodi kona ya kuchomelea, ambaye kazi ile ile aliifanya kwa sumaku ndogo aliyoifunga kamba: penye bati inanasa, penye puti inaanguka, kwisha habari. Gonga alikuwa ameicheka ile sumaku miaka nenda miaka rudi. "Hicho ni kitu cha watu wasio na masikio," alimwambia mbele ya wateja. Baada ya kusema hivyo mara zote zile, angeiazimaje?

Nyumbani kwa kaka, uani, lilikuwepo gari. La zamani, boneti ndefu, taa za mviringo, rangi ya maziwa. Kaka alilinunua ujanani na ndilo alilomposea mke wake, na injini ilipokufa hakuliuza. Aliliegesha karibu na ukuta, akalifunika turubai, na siku ambazo hakuna kazi alifunga lango akashinda nalo peke yake. Hakutaka msaada. Gonga aliwahi kujitolea, akajibiwa, "Wewe hili niachie." Watu walisema ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi.

Kisha kaka akapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, na maneno yakaenda nao. Kilichobaki kinywani ni mlio tu, mlio mmoja wa kila jambo. Huyu alikuwa mtu wa kuamrisha gereji nzima. Kitandani alikuwa mzigo na alijua kwamba ni mzigo, na alikataa chakula kwa kufumba meno, na mke wake alilia jikoni ili asimwone. Mpaka siku moja shemeji huyo, kwa kukata tamaa tu, akamwita jirani wakambeba, wakamketisha ndani ya lile gari, kwenye kiti cha dereva. Kaka akaweka mkono wake mzima juu ya usukani. Akatazama mbele. Alipoletewa bakuli, akafumbua mdomo.

Tangu hapo gari likawa dawa yake. Kila alasiri alipelekwa, na kwa kuwa mkono mzima ulikuwa ule wa upande wa mlango, aliutoa dirishani kama dereva aliyesimama kumsubiri mtu. Alikula humo. Alisinzia humo, shavu kwenye kioo. Shemeji alikuwa akisema kwamba ndani ya gari mume wake hurudi.

Lakini kutu haina huruma. Mvua zikaingia kupitia dari, mlango ukawa unang'ang'ania, na siku moja kipande cha bati kilichooza kikamwangukia kaka mapajani na kumchana mkono. Shemeji akamwita Gonga.

"Shemeji, nakuomba unitazamie hili gari," alisema. "Nikiacha hivi litamuua. Nikiliondoa, ndiyo nitakuwa nimemuua mimi."

"Acha nilikague," akasema Gonga.

Kaka alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta, amefunikwa shuka miguuni. Shemeji alisimama mikono kifuani. Gonga akakunja kidole, akaanza. Boneti. Mlango wa dereva. Madigadi ya mbele. Ubavu. Alisikia kidole chake kikigusa kitu, basi. Kaka yake, mwenye sheria ya ukucha, ndiye aliyelitunza gari hili kwa mikono yake. Pangekuwa na nini cha kutilia shaka? Na rangi ilikuwa imenyooka kama kioo. Kiganja hakikukuta kilima wala bonde. Angeweza kwenda gereji kuazima ile sumaku, mwendo wa dakika chache. Lilimpitia wazo hilo, na aliliona wazi, na aliona pia uso wa kaka yake, mwalimu wake, akimtazama mdogo wake akitambaza sumaku ya kamba juu ya gari. Akaendelea kugonga, akitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia.

"Bodi ni nzima," alisema alipomaliza. "Ni kutu ya juu tu, na dari inavuja. Nitalikwangua lote mpaka chuma kitupu, nizibe panapovuja, nipige rangi. Litarudi jipya."

Shemeji alimshika mikono yote miwili kwa kumshukuru.

Siku ya kulivuta kaka alifanya jambo ambalo Gonga alilikumbuka baadaye kila alipofumba macho. Alikuwa ameketishwa karibu na gari ili aliage. Mnyororo wa winchi ulipofungwa, kaka akaanza kuligonga digadi la nyuma kwa vifundo vya vidole. Aligonga, akamtazama Gonga. Akagonga pengine, akamtazama. Mlio ule mmoja ukawa unamtoka, mdomo umepinda, mate yanamshuka kidevuni, na akazidi kugonga kwa nguvu mpaka vifundo vikachubuka.

"Anafurahi," alisema Gonga. Akamwinamia. "Ndiyo, Kaka. Nimeelewa. Nitalirudisha."

Kaka akamkamata shati. Ilibidi shemeji amfungue vidole kimoja kimoja.

Gereji, kazi ilianza kwa raha. Gonga alivua vioo, akavua taa, akafungua viti na kuvifunika. Alianza na boneti, na chini ya rangi chuma kikatokea cheupe, kinene, chuma cha zamani ambacho siku hizi hakitengenezwi. Mlango wa dereva nao hivyo hivyo. Akampigia shemeji simu, au tuseme akampa mchomeleaji ampigie, aseme mambo yanakwenda vizuri.

Kisha akahamia ubavuni. Grenda ilipogusa, hakukutoka cheche. Kukatoka vumbi.

Fundi bodi yeyote anajua maana yake. Bati hutoa cheche na vumbi jeusi. Vumbi lile lilikuwa la waridi, jepesi, likamjaa kope na midomo, na Gonga akaendelea kukwangua akijiambia ni unene wa ukucha, sasa hivi chuma kitatokea. Hakikutokea. Alizima grenda akachukua tindo, akapiga mara moja, na kipande chenye ukubwa wa sahani kikaanguka sakafuni.

Nyuma yake kulikuwa na wavu wa waya. Nyuma ya wavu, gunia. Nyuma ya gunia, bati la debe la mafuta ya kupikia, maandishi yake yanasomeka bado, limekunjwa kingo likabanwa na misumari. Na nyuma ya debe, hamna. Palikuwa na giza la ndani ya gari, na ungaunga wa kutu.

Akaenda ubavu wa pili. Vile vile. Kizingiti cha mlango, nguzo za dirisha, sakafu chini ya zulia, vyote vilikuwa puti juu ya puti, tabaka na rangi yake, tabaka na rangi yake, kazi ya miaka mingi. Penye tabaka la chini palikuwa na mikato ya tindo iliyolala upande, mitatu mitatu, ya kuifanya puti ishike. Mikato ile Gonga aliijua. Alifundishwa na mtu mmoja tu namna hiyo ya kukata, na mtu huyo alikuwa akisema ni ya mahali padogo, pa dharura, tena puti isizidi unene wa ukucha.

Alikaa chini juu ya ndoo. Mchomeleaji alikuja kwa nyuma, akaokota kile kipande, akakipima mkononi.

"Mzee," alisema, "si uliligonga hili gari?"

Gonga hakugeuka.

"Nakuuliza tu, Mzee. Ulisikia nini?"

Mchomeleaji akadhani amekasirika, akakiweka kipande chini polepole na kurudi kwenye kona yake. Hakuwa mtu wa kumtonesha mwenzake kidonda.

Kwa muda Gonga alimchukia kaka yake. Alimchukia kwelikweli, kwa ajili ya kila kijana aliyefukuzwa gereji kwa kupaka puti nene, kwa ajili ya kila neno la dharau alilolirithi akalisema kama lake. Mwongo mkubwa, kajifungia lango akapika keki. Baadaye chuki ikapoa, kwa sababu alilijua gari na alimjua mtu. Kaka hakuwa na moyo wa kulikata. Alianza na tundu dogo, bila shaka, akaliziba kwa muda tu, akisema atakuja kulitengeneza vizuri. Na kutu ikasogea, naye akasogea nayo, mpaka siku moja gari lote likawa limesimama kwa sababu puti imeshikana. Lingesimama hivyo miaka mingine mingi. Mtu angeziba dari, akapiga msasa mwepesi na rangi juu, kaka angelikalia mpaka kufa kwake. Aliyeliua ni yeye Gonga, kwa grenda yake. Hilo halikupoa.

Alijaribu, tusimnyime haki yake. Alikata mabati mapya, akayakunja kwenye ukingo wa meza mpaka yakafanana na mwili wa gari mkunjo kwa mkunjo, na yalikuwa mazuri, kazi safi. Lakini bati jipya linataka bati la zamani la kushikia. Mchomeleaji akigusa kwa moto, chuma kilichobaki kilikuwa chembamba kiasi kwamba kiliyeyuka na kukimbia, na tundu la upana wa kidole likawa la upana wa kiganja. Walisogea nyuma kutafuta penye uzima. Wakasogea tena. Kila asubuhi gari lilikuwa dogo kuliko jana yake, na rundo la taka pembeni lilikuwa kubwa zaidi.

"Huwezi kushona kiraka kwenye utando wa buibui," alisema mchomeleaji, safari hii amesimama mbele yake.

"Tia jeki tuliinue. Huenda chini kuna afadhali."

"Mzee, mimi nisingeliinua."

"Tia jeki."

Wakatia. Jeki ikapanda, ikatoboa sakafu kama karatasi iliyolowa, na gari likavunjika katikati. Halikupiga kishindo kikubwa. Lilijikunja tu, paa likashuka, nguzo za dirisha zikapanuka, na vumbi la waridi likatoka pande zote. Mchomeleaji alivua miwani yake ya kazi na kuiweka mfukoni.

"Pole, Mzee," alisema. "Hili si gari tena."

Shemeji alikuja gereji wiki ile. Gonga alimwona kwa mbali akawahi kumkuta langoni, akasimama pale kati, amejitanua, ili asione ndani.

"Anashinda anaangalia pale lilipokuwa," alisema shemeji, na Gonga aliyafuata maneno mdomoni mwake. "Chakula amegoma. Nikimlisha kwa nguvu anatema. Daktari anasema moyo hauna shida, shida ni kwamba hataki. Ameisha, shemeji. Ukimshika mkono unashika mifupa."

"Kidogo tu. Wiki ijayo."

"Wiki iliyopita ulisema wiki ijayo." Kisha shemeji akageuza uso, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, na kusema kitu kuelekea barabarani. Alichosema ni hiki: "Kama limekushinda niambie tu, nijue nitamwambia nini."

"Ndiyo, shemeji," akajibu Gonga kwa uchangamfu. "Tena vizuri sana."

Shemeji alimtazama kwa muda. Aliondoka bila kuaga.

Nyumbani mke wake alimwekea chakula, akavuta kiti akaketi mbele yake, mahali ambapo angeonekana.

"Nenda ukamwambie kaka yako ukweli," alisema, akitamka taratibu.

"Ukweli gani?"

"Wa gari. Na wa masikio."

"Masikio yangu hayana shida."

"Baba watoto, simu yako imelia hapo mezani tangu umekaa."

Gonga akaitazama simu. Taa yake ilikuwa inawaka na kuzimika. Akaigeuza kifudifudi na kuendelea kula.

Hakwenda kusema. Alikwenda kutengeneza. Alichukua kiti cha dereva, usukani, na ule mlango wa dereva uliokuwa bati safi, kitu pekee kizima pamoja na boneti. Mchomeleaji akamtengenezea fremu ya mabomba, kiti kikakaa mahali pake, usukani mbele yake kwenye nguzo, na mlango ukaning'inizwa kwenye bawaba zake, unafunguka na kufunga. Gonga aliupiga mlango rangi ya maziwa, akaung'arisha kwa kitambaa, akarudia. Ulikuwa mlango mzuri kuliko yote aliyowahi kupaka. Mchomeleaji hakufanya utani hata mmoja wakati wakiipakia ile fremu kwenye gari la kukodi, na kunyamaza kwake kulimuuma Gonga kuliko utani wenyewe.

Walifika alasiri. Waliiweka uani mahali pale pale, kwenye alama za matairi. Kaka alipotolewa nje, Gonga alishtuka. Shati lilikuwa limemning'inia kama limetundikwa msumarini. Walimketisha. Alikiangalia kiti, akauangalia usukani, akatazama mbele palipokuwa na boneti na sasa pana ukuta wa uani wenye ukungu.

"Ni ya muda tu, Kaka," alisema Gonga, amesimama nje ya mlango, sauti yake kubwa mno. "Bodi bado iko gereji. Inakwenda vizuri. Nimeanza kukuletea mlango ili usikae bure. Huu ni bati tupu, hamna puti hata chembe."

Kaka akamgeukia aliposikia neno hilo. Macho yake hayakuwa ya mgonjwa. Yalikuwa ya mwenye gereji, yale yaliyokuwa yakisimama nyuma ya kijana anayefanya kazi mbovu. Taratibu akaushusha mkono wake mzima kutoka kwenye usukani, akaupeleka upande wa ndani wa mlango, chini ya dirisha, na Gonga akaona kiwiko kikicheza: kaka anagonga. Akagonga, akamtazama, akasubiri. Ndivyo alivyokuwa akiwafundisha. Kugonga, kusikiliza, kusema.

Gonga akainamisha kichwa. Akangoja kiasi cha mtu anayesikiliza.

"Bati, Kaka. Zima."

Kiwiko kikacheza tena, chini kidogo.

"Zima. Zima kabisa."

Kikacheza tena, kwa nguvu, na Gonga akatabasamu, kwa kuwa aliona kaka yake amerudi kazini, na aliona kwamba labda huu mlango ungetosha, labda leo angekula. "Linalia kama kengele," akasema.

Shemeji alikuwa amesimama upande wa pili, bakuli mkononi. Alisema kitu. Gonga aliona midomo ikienda, akatikisa kichwa kukubali.

Shemeji akaja mpaka mbele yake, karibu, akarudia.

"Hajagusa, shemeji."

"Nini?"

"Mlango. Hajaugusa hata mara moja. Anagonga hewani."

Gonga akainama dirishani akatazama ndani. Ngumi ya kaka ilikuwa imekunjwa bado, imesimama upana wa kiganja kutoka kwenye bati. Vifundo vilikuwa na makovu mapya, ya siku ile ya winchi. Gonga akayatazama yale makovu, na ndipo alipoelewa kaka alikuwa akimwambia nini siku ile, akigonga hapa na kumtazama, akigonga pale na kumtazama, mpaka damu. Alikuwa akimwonyesha puti. Alikuwa akiungama kwa njia pekee iliyombakia, kwa mtu pekee ambaye angeielewa, na mtu huyo akamwinamia akamwambia nimeelewa.

Kaka naye alikuwa ameelewa. Ilionekana usoni, upande ule uliokuwa bado unaweza kuonyesha kitu. Akafungua ngumi, akautoa mkono dirishani na kuuweka juu ya sikio la mdogo wake, akaushikilia hapo, na mlio ukaanza kumtoka kifuani, ule mlio mmoja wa kila jambo. Gonga aliona mdomo wake umefunguka, aliona shingo ikitetemeka, aliona shemeji ameliweka bakuli chini na kujiziba uso.

"Sikusikii, Kaka," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa mtu.

Kaka alilia mpaka akachoka, wakambeba kumrudisha kitandani. Bakuli lilibaki chini kando ya kiti, halijaguswa, na kesho yake shemeji hakumwita jirani aje kumbeba.